Kitambaa kinachobaki mezani kwa fundi

Fundi yeyote wa nguo wa hapa Arua, Uganda, ameshaulizwa hili swali mpaka amelizoea. Mteja amelivaa gauni lake, limemkaa, amejigeuza mbele ya kioo, na kabla hajafungua pochi anasema kwa sauti ya upole kabisa, "Fundi, na kile kitambaa changu kilichobaki?" Ana haki ya kuuliza. Kwetu mteja ndiye anayenunua kitenge mwenyewe, mara nyingi kwa wale mama wanaoleta mizigo kutoka upande wa Kongo, sisi tunapokea, tunapima, tunashona, kwa hiyo hata kipande cha ukubwa wa kiganja ni mali yake, na fundi anayekisukumia chini ya meza kimyakimya ndiye anayetuletea sisi wote jina la wizi.

Mimi siku hizi hayo maneno nayamaliza mwanzoni, wakati nachukua vipimo. Namuuliza, mama, vitakavyobaki tunavifanyaje, unavichukua, unaniachia nikupunguzie kidogo hela ya kushona, au nikutolee kitu kingine humohumo? Akijibu naandika kwenye daftari mbele ya jina lake. Kelele zimepungua, sawa, ila faida niliyoiona zaidi ni kwamba nikishajua kipande kina kazi gani, nakata tofauti. Wengi wanaofundisha mambo ya kutumia mabaki wanaanza na gunia limeshajaa vipande vya kila aina, halafu ndio wanajiuliza sasa hivi vyote nifanye nini, wakati pa kuamua ni pale kitambaa kikiwa bado kizima mezani na chaki iko mkononi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kitenge kizima ni yadi 6, kama mita 5 na nusu hivi, upana wake inchi 45 au 46. Gauni refu la kawaida linakula yadi 3 mpaka 4, ukiweka mikono ya puto na sketi pana linakula zaidi. Kwa hiyo aliyeleta kitenge kizima akataka gauni moja lazima atabakiwa na pande la maana, na hata aliyeleta yadi 3 kamili ataacha vile vya kwapani, vya mviringo wa shingo, na zile pembe tatu ndefu za pembeni mwa sketi. Mwili hauna kona na kitambaa kina kona nne, hapo kitu kitabaki tu hata ukate kwa ujanja gani.

Pande kubwa usilihesabu kama mabaki kabisa. Nusu yadi tu ni gauni la mtoto wa mwaka mmoja, na hapa mama kumvalisha binti yake kitenge kimoja na chake siku ya Krismasi au ya Idi ni jambo linalomfanya atabasamu hata kabla hujamtajia bei. Kama hana mtoto mdogo basi kilemba, au kofia ya kulalia yenye bitana ya satini, au tai ya kipepeo ya baba watoto, yule ambaye kila mara anakataa kuvaa kitenge lakini tai anaikubali maana ni ndogo na haimtangazi sana. Ninachosisitiza ni kwamba kipande kirudi kwa mtu yuleyule na kwenye nguo ileile. Skranchi ya nywele ya kitambaa chochote kile ni elfu moja na utabembeleza, skranchi iliyotoka kwenye gauni la mteja mwenyewe hata haulizi, anaongeza hela. Na ni kazi ya dakika chache, ukanda wa inchi 4 kwa inchi 20 na lastiki ya inchi 8, unashona bomba, unageuza, unapitisha lastiki kwa pini, unafunga.

Sasa niwaambie kitu ambacho mafundi wengi wananunua dukani huku wanakifagia sakafuni, ni baisi. Ule ukanda mwembamba wa kuzungushia shingo na kwapa ili zisifumuke. Ya dukani iko rangi chache, nyingi ni ya poliesta inayoteleza, na ukiiweka kwenye kitenge kizuri inaonekana kama soksi ya shule kwenye kiatu cha harusi. Chukua kipande cha mraba cha inchi 10 kwa 10, kipande ambacho wengine wanafutia cherehani, kikunje kona kwa kona upate mstari wa hanamu, piga pasi pale kwenye kunjo, halafu kata vipande sambamba na ule mstari, kila kimoja inchi 1 na nusu. Viunganishe ncha kwa ncha, ncha nazo zimekatwa mshazari, usiunganishe moja kwa moja maana pale kwenye kiungo patavimba. Utapata karibu inchi 60 za baisi. Kwapa mbili za inchi 18 na shingo ya inchi 24, hiyo ni 60, yaani mraba mmoja umemaliza gauni zima na rangi ni ileile au ni ile unayotaka ipingane nayo. Lazima iwe hanamu, na sababu unaweza kuihisi kwa mikono yako, shika kitenge uvute kwa urefu, hakiendi, vuta kwa upana, kinaenda kidogo sana, vuta kona kwa kona uone kinavyonyooka kama kina lastiki. Huo mvuto ndio unaokubali kuzunguka kwenye shingo bila kukunjana.

Wanafunzi wangu nawaanzisha na hiyo kabla hata ya kuwapa pindo. Mkono ukishajua kushona baisi ya inchi 1 na nusu bila kuyumba, kola na zipu zitakuja zenyewe.

Vifungo pia. Kata duara lenye upana mara mbili ya kifungo, pitisha uzi wa mkono pembeni mwa duara mishono midogomidogo, weka kile kifungo cha zamani katikati, vuta uzi, kitambaa kinajikusanya chenyewe kwa nyuma kama mdomo wa mfuko, funga fundo, zungusha uzi mara kadhaa uwe shina. Vifungo vya kila namna visivyofanana, vya mashati yaliyokufa, vinakuwa seti moja. Gauni la vifungo sita vya kitambaa mbele watu wanadhani limetoka Kampala.

Na kuna ule ukingo wa kitenge, ule wenye maandishi. Wateja wanaujua sana kwa sababu ndipo wanaposoma kama ni waksi ya kweli, zile za Vlisco za Uholanzi, kampuni ya tangu mwaka 1846, zina jina limechapwa pembeni urefu wote, na zile za kuiga nazo zina maneno yao, mengine yana herufi zimerukwa mpaka unacheka. Mafundi tunaukata na kuutupa. Lakini ukingo ni sehemu imara kuliko zote kwenye kitambaa, imefumwa kwa kubana, haifumuki uzi hata usipopiga overloki. Mimi nauweka kwenye kopo. Ndio kamba za kufungia nguo zilizokunjwa za wateja, ndio vitanzi vya kutundikia nguo ndani ya kola, na jirani yangu mwenye bustani ya nyanya anakuja kuchukua za kufungia miche kwenye vijiti kwa sababu kamba ya nailoni inaukata mche na kitambaa hakiukati.

Basi tuingie kwenye viraka vyenyewe, maana huku ndiko watu wanakotaka nifike, na huku ndiko kuna matatizo pia.

Blanketi la viraka la mtoto mchanga, la inchi 36 kwa 36, linataka vipande 64 vya mraba wa inchi 5, mistari 8 kwa 8. Kila upande wa kipande unapoteza robo inchi ndani ya mshono ndio maana inchi 5 inakuwa inchi 4 na nusu ukishamaliza. Kata karatasi ngumu ya inchi 5 kamili, hata boksi la viatu linatosha, na kila siku ukimaliza kazi kata vipande vitatu vinne kutoka kwenye mabaki ya siku hiyo uviweke kwenye mfuko. Usisubiri gunia lijae. Gunia likijaa utaliogopa, nakuambia, utalihamisha kona hii na kona ile mpaka panya wahamie.

Kinachoharibu viraka si mshono, ni kuchanganya vitambaa visivyopatana. Jezi inayovutika ukiishona na kitenge kisichovutika blanketi litajikunja kama karatasi iliyolowa. Pamba ambayo haijafuliwa ikishonwa na poliesta, siku ya kwanza kufuliwa pamba inarudi na poliesta haisogei, hapo basi. Na nyekundu, jamani nyekundu, hasa vile vitenge vya bei ya chini, vinachuja. Fua kila kitu kabla ya kukata, nyekundu na bluu nzito loweka peke yake mpaka maji yatoke meupe, na isipokoma kuchuja usiilazimishe kukaa pembeni ya nyeupe, ipeleke kwenye kazi nyingine. Kama hujui kitambaa ni pamba au ni nini, vuta nyuzi chache, zishike kwa koleo uwashe kiberiti. Pamba inaungua haraka, inanuka kama karatasi, inaacha jivu laini linalopeperuka ukipuliza. Poliesta inayeyuka, moshi wake mweusi, ikipoa inaacha kijidonge kigumu. Hili jaribio ni muhimu zaidi kwa vishikio vya sufuria, watu wanashona vishikio vizuri vya kung'aa halafu mtu anashika chungu cha maharage na ile poliesta inamgandia kwenye vidole. Kishikio ni pamba juu, pamba katikati, pamba chini, tabaka nne au tano za jinzi kuukuu na kitenge.

Halafu kuna lile jambo la aibu. Ukimpa mtu wa kwetu kitu cha viraka, hasa mzee, wazo lake la kwanza ni umaskini, eti nimepewa matambara. Nimeshona mto wa viraka mzuri, rangi zimepangwa, mama mmoja akaniambia fundi umekosa kitambaa? Sikumlaumu, wengi tumekua na kaptula za shule zenye kiraka makalioni na tunakumbuka vicheko. Ila angalia lubugo ya Waganda, ile nguo ya gome la mutuba, ambayo UNESCO waliitangaza kuwa urithi mwaka 2005 na kuiingiza kwenye orodha yao mwaka 2008. Gome linapogongwa linatoboka hapa na pale, na mafundi wake wanaziba matundu kwa viraka vilivyoshonwa, na hiyohiyo ndiyo inayovaliwa kwenye kutawazwa kwa kabaka, mfalme wa Buganda, na ndiyo inayozikiwa watu. Hakuna anayesema kabaka amevaa matambara. Na siku hizi kule Kampala kuna mbunifu Bobby Kolade na lebo yake ya BUZIGAHILL, wanachukua mivumba, zile nguo za mtumba zinazoletwa kutoka nje, wanazifumua, wanaunganisha nusu ya hii na robo ya ile, halafu wanaziuza kulekule zilikotoka. Kazi yenyewe wameipa jina la Return to Sender. Wazungu wanalipa vizuri kwa viraka, sisi bado tunaona haya.

Dawa yake kwa uzoefu wangu ni mpangilio. Viraka vilivyotupwa ovyo rangi zote pamoja vitaonekana umaskini kweli, sibishani. Weka kila baada ya kipande chenye maua kipande kisicho na maua, nyeusi au krimu au bluu au kaki ya sare, rangi moja ile, ijirudie mpaka mwisho, na ghafla mtu anaona umepanga. Vipande vya sare za shule ni dhahabu hapo, kila fundi anavyo kila Januari na hakuna anayevitaka.

Kwa upande wa pamba nyeupe na krimu isiyo na maua mimi sikati mraba kabisa, nawawekea akina mama wa Sudan Kusini. Wanajua kudarizi milaya, zile shuka zao za maua na ndege zenye kingo za kufuma kwa sindano ya kulabu, na wako wengi Bidi Bidi ya Yumbe tangu kambi ifunguliwe mwaka 2016, na wengine wako hapa mjini. Shuka nzima ni kazi ya wiki nyingi na wanunuzi ni wachache, lakini ua lilelile likidariziwa kwenye kipande cha inchi 8 nikakishona mbele ya mto au mfuko, linaondoka haraka na hela tunagawana.

Mifuko, ndiyo. Serikali imekuwa ikipiga marufuku kaveera, ile mifuko ya plastiki, tangu ile sheria ya 2009 na kaveera bado iko, kila mtu anajua, nyanya nne kaveera moja. Mfuko wa viraka peke yake hauwezi kubeba kilo tano za viazi, mishono inaachia, na hapo ndipo watu wanapoukataa. Weka bitana ya gunia la mchele lililokwisha, lile la plastiki lililofumwa, lioshe, likunje kingo zake ndani maana linafumuka vibaya, na mikanda ya kubebea ishuke mpaka chini ya mfuko ipite na kurudi upande wa pili badala ya kushonewa mdomoni tu. Huo mfuko utabeba viazi, matooke na mtoto ukitaka.

Yale mengine ya mitandaoni, fremu za picha zilizofunikwa kitambaa, ndege wa kuning'iniza, vikapu vya kuwekea rimoti, mimi siyapingi, kama una muda na moyo fanya. Ila soko la Arua halinunui kitu cha kutazamwa, linanunua kitu cha kushikwa. Mwaka 2020 ndio ulinionyesha hilo vizuri, shule zimefungwa tangu Machi, sare hakuna, harusi hakuna, halafu Mei rais akatangaza barakoa ni lazima, na vile vipande vya inchi 8 vilivyokuwa vimelala kwenye mfuko ndivyo vilivyoweka posho mezani. Tabaka tatu, lastiki mbili, basi.

Pedi za kitambaa ni hivyohivyo, kitu cha kushikwa. AFRIpads wanazishona Masaka tangu 2010 na ni kiwanda kabisa, lakini hata kwenye baraza zinashonwa. Kitenge kipya cha waksi usikiweke juu, hakinywi maji kabla hakijafuliwa mara kadhaa, weka flaneli au fulana ya pamba iliyochakaa upande wa ngozi, katikati tabaka tatu nne za flaneli, chini kitambaa kisichopitisha maji, na kitenge kikae upande wa nje kabisa kwenye mabawa ambako rangi inasaidia maana msichana hataki kuanika kitu cheupe uani. Afue kwa maji ya baridi, aanike juani, si chini ya kitanda.

Vile vidogo kabisa, vya ukubwa wa ukucha na nyuzi za overloki, ni vya kujazia. Si mto wa kulalia, utakuwa mzito na kichwa kitauma, bali pufu la kukalia, na ukate vyote vidogo sawasawa kwanza kwa sababu kipande kirefu kikiingia kinajisokota na kuwa fundo unalolisikia ukikaa. Pufu moja linameza kilo nyingi, utashangaa, sakafu yote ya mwezi inaingia. Shona mfuko wa ndani wa kaniki na wa nje wenye zipu ili wa nje ufuliwe. Vipande virefu vyembamba visivyofaa baisi nasuka kama nywele, nyuzi tatu, naviringisha kama konokono na kushona duru kwa duru, ni mkeka wa mlangoni.

Nimebakiza satini na shifoni na zile za gomesi zinazong'aa, yale magauni marefu ya heshima ya akina mama wa Buganda. Huku kwetu mkoa wa West Nile gomesi si nyingi, lakini harusi zikianza zinakuja, na gomesi moja inachukua kama mita 6, mabaki yake hayafai kishikio wala blanketi wala pedi. Hizi nakata duara za ukubwa mbalimbali na kuzipitisha pembeni mwa mshumaa, zile kingo zinayeyuka kidogo na kujikunja zenyewe kama petali, hapo ile tabia ya poliesta inakuwa faida. Duara tano au sita juu ya nyingine, kubwa chini ndogo juu, shanga katikati, kipini nyuma, ni ua la nywele la wale wasichana wadogo wanaotangulia bibi harusi, na kwa kuwa kitambaa ni cha gomesi ya mama au shangazi, rangi zinakubaliana bila mtu kuhangaika kutafuta. Fungua dirisha ukiwa unachoma, na maji yawe karibu. Desemba naagizwa mengi kuliko ninavyoweza, kwa hiyo mwenye harusi alete mabaki yake Oktoba, na kila rangi aifunge peke yake.